Stinky: Roboti la mabomba lililowashangaza MIT

Phoenix haina bahari. Mji huo mkuu wa jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, umekaa katika jangwa la Sonora, mahali ambapo joto la kiangazi huvuka nyuzi 40 za Selsiasi siku nyingi mfululizo. Mtoto anayetaka kukanyaga mchanga wa ufukweni hupanda gari na kusafiri saa kadhaa. Hata hivyo katika mji huo, tena ule upande wa magharibi wenye familia nyingi za vibarua waliohamia kutoka Mexico, ndiko ilikotoka timu ya vijana wanne wa sekondari iliyokwenda California Juni 2004 na roboti la kuzamia lililoundwa kwa mabomba ya plastiki. Walirudi nyumbani na ushindi ambao chuo maarufu cha teknolojia cha MIT kilikuwa kimeujia.

Habari hiyo imesimuliwa sana. Mwandishi Joshua Davis aliiandika katika jarida la Wired mwaka 2005, kisha akaitolea kitabu mwaka 2014. Mwaka huo huo ikatoka filamu ya hali halisi iitwayo Underwater Dreams, na Januari 2015 ikafuata filamu ya kuigiza, Spare Parts. Wanaoisikia kwa mara ya kwanza huondoka na mshangao mmoja: maskini kawapiku wenye nacho.

Lakini wanaoishi kwa kuunda vyombo vya utafiti wa kina kirefu huvutiwa na jambo jingine. Roboti la vijana hao halikuwa bora kuliko yote majini. Ndani ya bwawa, MIT walikusanya alama nyingi zaidi. Kilichowapandisha vijana wa Phoenix hadi kileleni ni kwamba kila bomba, kila waya na kila tundu la chombo chao lilikuwa na sababu, na wao wenyewe waliweza kuieleza sababu hiyo mbele ya majaji bila kusoma popote. Kwa nini jambo hilo lilipewa uzito mkubwa hivyo? Jibu liko chini ya bahari.

Huko chini hakuna fundi

Ukishuka majini, kila mita 10 huongeza mgandamizo unaokaribia kulingana na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Kina cha wastani cha bahari za dunia ni kama mita 3,700. Kwenye kina hicho, kila sentimita moja ya mraba ya chombo hubeba zaidi ya kilo 370. Tundu dogo lisiloonekana kwa macho huwa mlango. Maji ya chumvi yakishaingia, umeme hukatika, saketi huungua, na chombo kilichokuwa chepesi huanza kuzama kama nanga.

Mwanga nao haufiki mbali. Baada ya mita 200 hivi unabaki utusitusi, na baada ya mita 1,000 mwanga wa jua haupo kabisa. Mawimbi ya redio, ambayo juu ya nchi huongoza droni na kubeba maongezi ya simu, hufifia upesi sana kwenye maji ya chumvi. Ndiyo maana vyombo vingi vya utafiti visivyo na mtu ndani huongozwa kwa kebo ndefu inayoshuka kutoka melini. Rubani hukaa juu akitazama skrini, kebo hupeleka umeme na amri zake chini na kurudisha picha. Vyombo vinavyojiendesha bila kebo hulazimika kuwasiliana kwa sauti, ambayo majini husafiri kwa kasi ya mita kama 1,500 kwa sekunde lakini hubeba taarifa kidogo.

Hata mataifa tajiri yamepoteza vyombo vyao huko. Roboti la Japani, Kaiko, lilifika mwaka 1995 kwenye Challenger Deep, shimo lenye kina cha karibu mita 10,900 katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2003 kebo yake ilikatika, chombo kikapotelea baharini. Wamarekani wa Taasisi ya Woods Hole waliunda Nereus, likafika kwenye shimo hilo hilo mwaka 2009. Mei 2014, likiwa karibu mita 9,900 chini ya maji katika Mfereji wa Kermadec, kaskazini-mashariki mwa New Zealand, mawasiliano yalikatika. Baadaye vipande vyake vilionekana vikielea juu. Watafiti waliamini kuwa sehemu moja ilishindwa kuhimili mgandamizo na kupasuka kwa ndani, na mengine yote yakafuata.

Mhandisi wa gari akikosea, gari husimama kando ya barabara na fundi huitwa. Mhandisi wa bahari kuu hana kando ya barabara. Kwa hiyo maswali yote ambayo wengine huyaahirisha hadi kitu kiharibike, yeye huyajibu mezani kabla chombo hakijaguswa na maji.

Mashindano yaliyozaliwa kwa uhaba wa mafundi

Mwaka 1997, kwa fedha za Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, kilianzishwa kituo cha elimu ya teknolojia ya bahari katika chuo cha Monterey Peninsula, California. Kinajulikana kwa kifupi chake, MATE. Shida iliyokizaa ilikuwa ya kazi: vyombo vya baharini vilikuwa vikiongezeka, lakini watu wa kuviunda, kuviendesha na kuvitengeneza walikuwa wachache. Mwaka 2002 kituo hicho kiliendesha mashindano ya kwanza ya maroboti ya kuzamia katika Kituo cha Anga cha Kennedy, Florida.

Utaratibu wake hautofautiani sana na zabuni. Kila timu hujiita kampuni, hugawana vyeo kuanzia mkurugenzi hadi mhasibu, hupangiwa kazi na "mteja," kisha huunda chombo cha kuifanya kazi hiyo. Bwawa la kuogelea huwa ndiyo bahari. Lakini alama za bwawani ni sehemu tu ya hesabu. Timu huandika ripoti ya kiufundi yenye michoro na gharama, huandaa maelezo ya kuonyesha chombo chake, hukaguliwa usalama, na husimama mbele ya wahandisi wa kweli kuhojiwa.

Kazi hizo hutolewa kwenye shughuli halisi za bahari kuu. Mwaka 2008, mjini San Diego, wanafunzi walipewa chemchemi za maji moto za sakafu ya bahari, zile ambazo wanasayansi waliziona kwa mara ya kwanza mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye kina cha kama mita 2,500. Mwaka 2009 ikawa uokoaji wa nyambizi. Mwaka 2010, Hawaii, ikawa mlima wa volkano ulio chini ya bahari karibu na kisiwa chenyewe. Mwaka uliofuata mashindano yalifanyika Houston, kwenye bwawa kubwa la NASA ambamo wanaanga hufanyia mazoezi, na kazi ilihusu kuziba kisima cha mafuta kinachovuja. Kila aliyekuwa pale alijua swali limetoka wapi: mwaka mmoja kabla yake kisima cha Macondo kilikuwa kimepasuka katika Ghuba ya Mexico, chini ya maji ya mita 1,500 hivi, na mikono iliyokifikia ilikuwa ya maroboti peke yake.

Mwaka 2004 zamu ilikuwa ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Chini ya bwawa iliwekwa nyambizi ya kivita ya kuigiza, iliyozama. Maroboti yalitakiwa kuizunguka, kuipima urefu, kupima joto la maji, kutafuta kifaa kinachotoa mlio, kuokota vitu, na kunyonya kimiminika kutoka kwenye pipa kupitia tundu jembamba. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaumiza vichwa watu wengi.

Mabomba, gundi na simu kwa wataalamu

Shule ya sekondari ya Carl Hayden, walikosoma vijana wale wa Phoenix, haikuwa na karakana ya maana. Ilikuwa na walimu wawili wenye bidii, Allan Cameron wa kompyuta na Fredi Lajvardi wa sayansi ya bahari, mzaliwa wa Iran aliyekulia Arizona. Walimu hao wangeweza kuiingiza timu yao kwenye daraja la shule za sekondari. Badala yake waliiingiza kwenye daraja la juu, ambako vyuo vikuu ndivyo vinavyopambana. Hoja yao ilikuwa ya kawaida kabisa: kushindwa na sekondari nyingine kungewavunja moyo vijana, ila kushindwa na vyuo vikuu hakuna anayekuona mzembe.

Vijana wenyewe walikuwa Oscar Vazquez, Cristian Arcega, Lorenzo Santillan na Luis Aranda. Oscar alikuwa kiongozi, kijana wa nidhamu aliyelelewa na mafunzo ya kijeshi ya shuleni. Cristian ndiye aliyemeza vitabu vya sayansi. Lorenzo alikuwa na mikono ya fundi na mawazo yasiyotarajiwa. Luis, mrefu kuliko wote na mwenye nguvu, alikabidhiwa kebo: kazi ya kuilegeza na kuivuta ili roboti lisikwame wala lisijifunge.

Fedha walizochangisha zilikuwa dola 800 hivi. Kwa kulinganisha, timu ya MIT ilikuwa na wanafunzi 12, na kampuni ya mafuta ya ExxonMobil pekee iliwachangia dola 5,000. Tena MIT ni chuo kilichoanza kufundisha uundaji wa meli mwaka 1893.

Dola 800 ndizo zilizoamua malighafi. Vyombo halisi vya kina kirefu huelea kwa msaada wa povu gumu lililochanganywa na vitufe vidogo mno vya kioo, kitu ambacho hakibonyei hata chini ya mgandamizo mkubwa. Bei yake ni ya kutisha. Vijana wakachukua mabomba ya PVC yanayouzwa dukani kwa mafundi bomba. Bomba likizibwa ncha zote hubaki na hewa ndani, hivyo fremu hiyo hiyo inayobeba mota ndiyo inayoelea. Kwa kina cha bwawa lilitosha. Kwa mita elfu moja lingesagika. Walijua tofauti hiyo, na hawakulipia uwezo ambao mteja hakuuomba.

Za kusukuma chombo zilikuwa mota ndogo za umeme ambazo wavuvi wa Marekani hufunga kwenye mashua zao. Vifaa vya elektroniki viliwekwa ndani ya sanduku la mkononi lisilopitisha maji. Mabomba yalipakwa rangi kali kali, na gundi iliyoyaunganisha ilitoa harufu nzito kiasi kwamba chombo kikaitwa Stinky, yaani linalonuka. Jina hilo likaandikwa rasmi kwenye fomu.

Ujanja mkubwa ulikuwa kwenye vipimo. Kupima urefu wa nyambizi chini ya maji kungeweza kufanywa kwa futi ya kuvuta, lakini futi inahitaji ncha ya kukamatia. Wakatumia kifaa cha leza ambacho mafundi ujenzi hukitumia kupima vyumba. Shida ni kwamba kifaa hicho kimefundishwa kufanya kazi hewani. Hukadiria umbali kutokana na mwanga unavyokwenda na kurudi, na majini mwanga hupungua kasi. Hivyo kifaa hudhani kitu kiko mbali kuliko kilivyo, kwa karibu theluthi moja. Vijana hawakuhitaji kukifungua wala kukibadilisha. Waliyasoma matokeo kama yalivyo kupitia kamera, kisha wakayarekebisha kwa asilimia 30 kwa mkono.

Kwenye joto walikwama, na hapo wakafanya jambo ambalo wanafunzi wengi huona haya kulifanya: walipiga simu. Upande wa pili walikuwa wataalamu wa Omega, kampuni inayotengeneza vifaa vya kupimia joto. Waliwaeleza matumizi ya nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, ambazo hutoa umeme kidogo kulingana na tofauti ya joto kati ya ncha moja na nyingine. Waliwaonya pia kuwa kipimo hakina maana usipojua joto la ile ncha ya pili. Ushauri huo ulikuwa wa bure.

Kwa kazi ya pipa, walipinda bomba jembamba la shaba, wakaliunganisha na pampu ndogo ya aina ile inayotoa maji ya ngama kwenye boti, na mwisho wake wakafunga puto. Puto halina hewa ya kuondolewa kwanza, hujaa kadiri kimiminika kinavyoingia, na halivunjiki likigonga ukuta. Mtu akiliangalia bila kuambiwa anaweza kucheka. Akishaambiwa, hupata taabu kutaja kitu bora zaidi kwa bei hiyo.

Usiku wa kuchomelea

Mazoezi ya kwanza Santa Barbara yalileta balaa. Sanduku la elektroniki lilivuja. Halikuvuja sana, lakini maji na saketi havina urafiki wa kiasi. Muda wa kununua sanduku jipya na kulifunga upya haukuwapo, na mashindano yalikuwa yanawasubiri.

Lorenzo alileta wazo: kama maji hayazuiliki kuingia, basi yakiingia yanyonywe kabla hayajagusa waya. Kitu gani hunyonya kwa wingi na kuchukua nafasi ndogo? Tamponi za wanawake. Wazo likapita, na yeye mwenyewe akatumwa dukani, ambako ilimbidi amuulize mwanamke asiyemfahamu ni aina gani inayonyonya zaidi. Alijibiwa kwa upole. Tamponi zikapangwa ndani ya sanduku, na Stinky likawa na kinga ambayo haikuwamo kwenye mchoro wa timu yoyote.

Usiku huo hotelini wenzake nao walikuwa na kazi yao. Nyaya zilizoingia kwenye sanduku zilikuwa nyembamba, maungio yake hayakuaminika tena, na kila moja ilibidi ichomelewe upya kwa lehemu, kwa mikono ya vijana waliochoka. Kuunganisha waya mmoja mahali pasipo pake kungetosha kuunguza kila kitu.

Mtu wa meli anaweza kusema kwamba tamponi ni kiraka, na kiraka hakiendi bahari kuu. Ni kweli, ila vyombo halisi vya kina kirefu hujengwa juu ya wazo lile lile. Masanduku yake huwekewa vihisi vya unyevu vinavyomwonya rubani mapema. Mota na viungo vya mikono hujazwa mafuta, ili mgandamizo wa ndani ulingane na wa nje na maji yasiwe na pa kusukuma. Mbuni makini huanza kwa kukubali kuwa siku moja kitavuja, kisha hujiuliza nini kitatokea dakika inayofuata.

Mbele ya majaji

Katika chumba cha mahojiano walikaa watu ambao si rahisi kuwahadaa. Tom Swean alikuwa akisimamia utafiti wa uhandisi wa bahari katika jeshi la majini la Marekani. Lisa Spence alitoka kwenye bwawa la mazoezi la NASA. Walikuwa wamezoea kuona vijana wa vyuo wakija na slaidi za kupendeza.

Vijana wa Carl Hayden hawakuja na slaidi. Swean aliuliza leza imefanyaje kazi majini, na Cristian akaeleza aina ya leza, jinsi mwanga unaorudi unavyosomwa, na kwa nini wakaongeza marekebisho ya asilimia 30. Likaja swali la namna ya kudhibiti kasi ya mota kwa kuwasha na kuzima umeme kwa haraka mno, na Lorenzo, ambaye kwa sura yake hakuna aliyetarajia ajibu, akalijibu. Walipoulizwa kwa nini hawakuleta slaidi, jibu lilikuwa kwamba slaidi zinawavuruga wasikilizaji na hutumiwa na wasiojua cha kusema.

Bwawani Stinky lilikwenda vizuri, ingawa si kwa kila kazi. Pampu ilinguruma, puto likajaa, na kimiminika kikapanda juu. Jumla ya alama za majini haikuwaweka wa kwanza.

Usiku wa kutoa zawadi, waliitwa mapema kupokea tuzo maalumu ya majaji. Wakaona ndiyo basi, wamepewa cha kuwafariji. Kisha wakaitwa kwa tuzo ya ubunifu wa chombo. Wakaitwa tena kwa tuzo ya uandishi wa kiufundi, wao ambao Kiingereza kilikuwa lugha ya pili nyumbani kwao. Ilipofika zawadi ya jumla, MIT walitajwa nafasi ya pili.

Ripoti na mahojiano ndivyo vilivyopindua matokeo. Mtu aliyezoea mashindano ya kukimbia au ya mpira huenda akaona hapo pana ujanja wa karatasi: aliyefanya vizuri uwanjani kapitwa na aliyeandika vizuri. Lakini hebu fikiria meli ya utafiti inayogharimu fedha nyingi kila siku ikiwa baharini. Msimamizi wake hawezi kukubali chombo kishushwe kwa sababu kilifanya kazi jana. Anataka kujua kwa nini kilifanya kazi, ili ajue kitaacha lini.

Bahari ilipowakubali, ardhi ikasita

Vijana hao wanne waliingia Marekani wakiwa watoto na hawakuwa na hati za ukaaji. Ushindi haukubadilisha hilo. Novemba 2006 wapiga kura wa Arizona walipitisha sheria iliyojulikana kama Pendekezo la 300, ambayo iliwanyima wanafunzi wasio na hati ada nafuu ya wakazi wa jimbo na misaada ya serikali. Gharama ya chuo ikapanda mara kadhaa. Cristian aliyekuwa ameanza masomo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona aliacha. Lorenzo na Luis waligeukia mapishi.

Oscar alishikilia hadi akahitimu uhandisi wa mitambo mwaka 2009. Kisha alifanya uamuzi mzito. Alikuwa amemwoa raia wa Marekani na walikuwa na mtoto mchanga, lakini akarudi Mexico kwa hiari ili aombe kuingia kwa njia halali. Jibu alilopewa lilikuwa marufuku ya miaka 10. Seneta Dick Durbin wa Illinois alilizungumzia suala lake bungeni Washington, na Agosti 2010 akaruhusiwa kurejea. Hakukaa muda mrefu kabla ya kujiandikisha jeshini, ndoto aliyokuwa nayo tangu shule na aliyozuiwa kwa kukosa karatasi. Alitumwa Afghanistan, na alipata uraia.

Huko Carl Hayden walimu hawakusimama. Timu ya maroboti ya shule hiyo, Falcon Robotics, iliendelea mwaka hadi mwaka na wanafunzi wapya, na mwaka 2008 ilitwaa tuzo ya juu kabisa ya mashindano mengine makubwa ya maroboti ya vijana, FIRST, inayotolewa kwa timu iliyoigusa jamii yake kuliko zote.

Kutoka bwawani hadi Tanga

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, haya si mambo ya kwao tu. Mwaka 2001 samaki silikanti alinaswa Malindi, Kenya. Mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wakaanza kuwapata, na baadaye Tanga ikatokea kuwa mahali ambapo majarife ya papa yalipandisha makumi ya samaki hao. Silikanti ni yule ambaye wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na dinosari, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Huishi kwenye mapango ya miamba, kwa kawaida zaidi ya mita 100 chini ya maji, mahali ambapo mzamiaji wa kawaida hafiki. Watafiti wa Tanzania wakishirikiana na Wajapani waliwaona wakiwa hai Tanga kwa kutumia maroboti yenye kebo, ndugu wakubwa wa Stinky. Mwaka 2009 Tanzania ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Kusini zaidi, gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 2012 kwenye kisima cha Zafarani na kampuni ya Statoil, ambayo sasa inaitwa Equinor, iko chini ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,000. Kazi za sakafuni kwenye kina hicho hufanywa na maroboti, na kila roboti huhitaji rubani na fundi wa kuliangalia zamu baada ya zamu.

Mlango wa kuingilia katika kazi hizo umekuwa mwepesi kuliko mwaka 2004. MATE sasa ina madaraja yanayoanzia kwa wanafunzi wadogo kabisa, na timu hutoka nchi nyingi. Misri ina mashindano yake ya mchujo, na vyuo vya Alexandria vimekuwa vikipeleka wanafunzi kwenye fainali za dunia. Kwa wasio na bajeti ya hata dola 800 kuna mpango mwingine, SeaPerch, ulioanzishwa na MIT mwaka 2003 kwa fedha za jeshi la majini. Roboti lake hutumia fremu ya mabomba ya PVC, mota tatu ndogo na betri ya volti 12. Toleo la awali lilizikinga mota na maji kwa kuzitia ndani ya vikopo vya filamu za kamera vilivyojazwa nta ile ambayo mafundi bomba hutumia kufungia vyoo.

Mwalimu wa fizikia wa Tanga, Mombasa au Mtwara anayetaka kuanza hatakosa pa kujifunzia. Ripoti za kiufundi za timu za miaka iliyopita zimewekwa wazi na MATE kwenye intaneti, bila malipo, zikiwa na michoro, bajeti hadi senti ya mwisho, na sehemu ambayo kila timu huandika kilichoharibika, kwa nini kiliharibika na walichokibadilisha.